XLT, Wildtrak au Raptor: kwanza nilipeleka tela mzanini

Kilichoanzisha habari yote hii ya kuchagua toleo la Ford Ranger ni mlima Kitonga. Tulikua tunarudi kutoka Ruaha, mimi, mama watoto, watoto wetu watatu na tela la kambi nyuma, gari ni ile Hilux yetu ya zamani ya 3.0 D-4D, tunashuka mlima kuelekea Mbuyuni, mbele yetu semi mbili zimefuatana zinashuka pole pole na mi nimekanyaga breki muda mrefu kuliko inavyotakiwa. Tela halikua na breki zake. Likawa linatusukuma. Ukiachia mguu kidogo tu unalisikia linagonga kwenye ndoano, ga, alafu gari inaruka mbele kama mtu amekusukuma mgongoni. Kona ya tatu ya nne hivi harufu ikaingia ndani, ile harufu ya breki zinazoungua ambayo haifanani na kitu kingine chochote, na mwanangu wa kati akauliza baba mbona kama kuna kitu kinaungua. Nikaweka gia ya pili, nikaacha injini ndo ishike gari, tukafika chini tukasimama kwenye mibuyu karibu dakika arobaini, rimu za mbele zinatoa joto kiasi kwamba ukisogeza mkono bila hata kugusa unalisikia.

Mama watoto hakuongea mpaka Mikumi. Pale tunakula ndo akasema, hii gari tunabadilisha na hilo tela nalo litafutiwe breki, mi sishuki tena ule mlima hivi na watoto wangu nyuma.

Basi ndo tukaanza kutafuta pikapu, na kiukweli sikujua kama kuchagua toleo itakua kazi ngumu kuliko kuchagua gari yenyewe. Maana gari tulishakubaliana mapema, Ford Ranger hii mpya iliyoanza kuuzwa 2022 au Hilux, dabo kebini, dizeli kama inawezekana, fowili ya ukweli yenye low, ile gia nzito ya sehemu ngumu. Sasa ukishasema Ranger unaulizwa ipi? Kuna XL ya kazi, kuna XLT, kuna Wildtrak, kuna Raptor, na katikati hapo kutegemea soko wanachomeka Sport, Tremor, Wildtrak X. Bodi karibu ileile, ukiziona kwa mbali kwenye foleni ya Mwenge unaweza ukadhani ni gari moja imepakwa rangi tofauti. Ila bei zinapishana vibaya mno, na kila moja imetengenezwa kwa ajili ya kitu chake.

Moyo wangu ulikua kwa Raptor, sitaficha. Niliiona mara ya kwanza Masaki imepaki nje ya duka, nikazunguka mara mbili, yale madigadi yalivyotanuka, tairi za BFGoodrich 285/70 kwenye rimu ya 17, shokapu za Fox nene kama chupa ya thermos, difu loki (inayofunga magurudumu mawili yazunguke pamoja) mbele na nyuma. Injini yake ya V6 ya petroli ya lita 3.0 yenye turbo mbili inatoa kilowati 292. Kwenye maji inaruhusiwa kuingia mpaka milimita 850, Ranger za kawaida ni 800. Nikasema mtu anayeenda Saadani mvua zikiwa zinakaribia, anayepita ile ya Kibiti kwenda Mloka, anahitaji nini zaidi ya hapo? Nikaenda mpaka kwa wauzaji kule barabara ya Nyerere, kijana wa mauzo akaniambia kaka hii ndo mwisho, hakuna kitu itashindwa.

Nikamuuliza inavuta kilo ngapi. Akasema zote zinavuta tani tatu na nusu.

Hapo sio kweli, na namshukuru Mungu nilikua na tabia ya kuomba karatasi ya vipimo nikakae nayo nyumbani. Ranger za kawaida mpaka Wildtrak ndo zinavuta kilo 3,500 tela likiwa na breki. Raptor ni 2,500. Yaani toleo ghali kuliko yote, lenye sura ya kutisha kuliko yote, ndo linavuta kidogo kuliko wenzake. Nilisoma mara tatu nikadhani wamekosea kuchapa.

Ila ukikaa ukafikiria inaingia akilini kabisa. XLT na Wildtrak nyuma zina springi zile za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, kama za Canter, kama za gari zote za mzigo tulizokua nazo toka tukiwa wadogo. Zile kazi yake ni kubeba. Bila mzigo zinarusha, ukipita rasta unazihesabu moja moja mgongoni, lakini ukiweka kilo mia sita zinakaa, gari inatulia. Raptor wamezitoa hizo wakaweka springi za kuzunguka na mfumo mwingine wa kushika ekseli, ili gurudumu liweze kupanda na kushuka sana na kwa haraka, gari ipite kwenye mashimo na mchanga kwa spidi kubwa bila kurukaruka. Ni kitu kizuri sana kama unaendesha jangwani. Ila springi laini namna hiyo ukiikalishia tela na kanopi (kile kibanda cha kufunika nyuma) na maji na watoto inainama nyuma, taa za mbele zinaangalia juu kwenye minazi, na usukani unakua mwepesi kwa sababu mbele kumenyanyuka.

Sasa hapo ndo nikajiuliza swali ambalo ningetakiwa nijiulize mwanzo kabisa, hivi tela langu lina uzito gani? Fundi aliyelichomelea aliniambia halizidi kilo 800 likiwa limejaa, na mi miaka yote nikawa naamini 800.

Tegeta kuna yadi ya vyuma chakavu yenye mzani wa magari, ile sahani kubwa ya chuma iliyolala usawa wa ardhi. Jumamosi moja asubuhi nikapakia kila kitu kama tunasafiri kweli, tangi la maji limejaa, mtungi wa gesi, hema juu, meza, viti, mkaa, sufuria, mpaka mpira wa watoto, wao wakaona mpira umeingia wakajua tunaondoka wakaanza kuvaa viatu, ikabidi niwaeleze tunaenda kupima tu, wakaja hivohivo. Nikamlipa kijana wa mzani elfu kumi, akaniambia mzee lipandishe alafu lifungue, gari isogee mbele itoke kabisa kwenye sahani. Nikafungua, nikashusha kile kigurudumu cha mbele, nikasogeza gari. Namba nyekundu zikacheza juu chini, zikatulia.

1,340.

Nilisimama pale naangalia tu. Kilo 1,340 bila breki, tulikua tunashuka nazo Kitonga. Watengenezaji wa hizi pikapu karibu wote wanaandika tela lisilo na breki mwisho wake kilo 750, na sisi tulikua karibu mara mbili ya hapo. Mama watoto akasoma ile namba akanishika mkono, hakusema kitu.

Tukiwa palepale tukapima na kingine, uzito unaokaa kwenye ndoano. Hiki watu wengi hawakijui na ndo kinachofanya tela liyumbe. Tela likiwa sawa, kama asilimia kumi ya uzito wake inatakiwa ikae mbele kwenye ndoano ya gari. Nilikua nimebeba ule mzani wa bafuni, nikauweka chini ya shingo la tela, juu yake kipande cha mbao, nikashusha shingo taratibu likakaa. Kilo 46. Kwa tela la 1,340 ilitakiwa iwe 130 na kitu. Fundi aliweka tangi la maji la lita 100 nyuma kabisa ya ekseli kwa sababu ndo kulikua na nafasi, pamoja na tairi la akiba limefungwa nyuma, kwahiyo nyuma kunavuta chini na mbele kunaelea. Nikakumbuka kila mara tulipofika spidi ya 90 pale baada ya Chalinze basi likitupita tela linaanza kucheza kushoto kulia na mi najua ni upepo wa basi. Kumbe upepo ulikua unaanzisha tu.

Sasa nikarudi na zile namba kwenye karatasi za vipimo, na hapa nataka niende pole pole maana ndo penyewe.

Kwa uzito wa kuvuta, tela la 1,340 hata Raptor inalivuta bila shida, 2,500 ni mbali. Shemeji yangu ndo ingemkamata, yeye ana boti Kigamboni, boti na injini zake mbili na mafuta na tela ni kilo 2,700 alipopima, kwahiyo kwake Raptor ilitoka siku hiyohiyo. Mimi tatizo langu lilikua kwenye kubeba. Kila gari ina uzito wake wa mwisho ikiwa na kila kitu ndani, ukitoa uzito wa gari tupu kinachobaki ndo ruhusa yako. Raptor inakuachia kilo mia saba na kidogo. Wildtrak inakuachia zaidi ya mia tisa. Na kwenye hiyo ruhusa inaingia kila kitu, watu, mafuta ya akiba, vyuma vyote utakavyofunga baadae, na ule uzito unaokaa kwenye ndoano nao ni mzigo wa gari, sio wa tela. Hapo watu wengi wanakosea, wanaona tela lina magurudumu yake basi linajibeba lenyewe.

Nikapiga hesabu kwenye daftari la shule la mtoto. Sisi watano pamoja ni kilo 251. Kanopi 70. Bampa la chuma la mbele 60. Friji imejaa 45. Madumu mawili ya dizeli ya lita ishirini ishirini, weka 40. Maji mengine lita 60 ndani ya gari, kilo 60. Tairi la akiba la pili 35. Jeki, kompresa, kamba, koleo, zile mbao za plastiki za kujinasulia kwenye mchanga, 30. Nguo na chakula 60. Jumla 651. Ongeza 134 za ndoano tela likishawekwa sawa, inakuja 785.

Kwa Raptor imeshazidi. Na hapo hatujaweka hema juu ya gari, hatujaweka kreti ya soda ya kwenye njia, hatujambeba bibi. Na ujue pia kuna karatasi nyingine zinahesabu dereva wa kilo 75 kama sehemu ya gari tupu na nyingine hazimhesabu, kwahiyo ukilinganisha gari mbili hakikisha unalinganisha karatasi za soko moja, la sivyo unaweza ukadhani moja inabeba zaidi kumbe mahesabu ndo tofauti.

Nilikaa na lile daftari usiku ule nikasikitika kidogo, kwa sababu ile gari naipenda mpaka leo. Kwa mtu anayesafiri wawili, hema juu, begi mbili, bila tela, anazunguka porini, sioni pikapu itakayompa raha kama ile. Ila ni petroli, tangi ni lita 80, na ukivuta tela na V6 ya turbo mbili utakua unatafuta sheli kila mara, wakati kule tunakopenda kwenda sheli ni za kuhesabu.

Ikabaki Wildtrak na XLT, na Hilux pembeni.

Wildtrak nzuri jamani. Viti, skrini kubwa, kile kitufe cha kuchagua unaendesha wapi, kuvuta tela, tope, mchanga, gari inajipanga yenyewe gia na breki. Inapatikana na injini ya dizeli ya lita 2.0 ya turbo mbili, kilowati 154 na Nm 500 (Nm ndo nguvu ya kuzungusha, inayovuta mzigo), au V6 ya dizeli ya lita 3.0, kilowati 184 na Nm 600. Ile V6 ina fowili ambayo unaweza ukaiacha yenyewe ikaamua hata kwenye lami iliyolowa, na kwa anayevuta kama shemeji, kilo 2,700 kupandisha Kitonga, mi ningemwambia asiangalie nyingine. Anafikiria.

Kwa 1,340 yangu 2.0 ya turbo mbili inatosha kabisa. Kumbuka ile 3.0 yetu ya zamani ilikua na Nm 343 na ndo ilipanda Kitonga na tela lilelile, pole pole lakini ilipanda. Na hiyo injini ya 500 inapatikana kwenye XLT vilevile, na gia boksi ileile ya oto ya gia kumi. Ila uwe makini, XLT nyingine zinakuja na turbo moja, kilowati 125 na Nm 405, gia sita, na kwa nje huwezi kujua, nembo zilezile, rangi zilezile. Fungua boneti, soma karatasi, usiamini maandishi ya mlangoni.

Tofauti iliyoniamulia mimi ilikua tairi. Wildtrak inakuja na rimu ya 18 na zipo zenye 20. XLT ni 17, tairi 255/70. Watu wanaona rimu kubwa ndo fulu opsheni, na kwa mjini kweli inapendeza, lakini porini unataka ukuta wa tairi uwe mrefu. Ukifika kwenye mchanga wa Saadani, ile njia ya kuelekea ufukweni, unapunguza upepo mpaka psi 20 au 18 hivi, tairi inatanuka inakua kama mguu wa ngamia, gari inaelea juu. Sasa tairi ya rimu ya 20 ukuta wake ni mfupi, ukipunguza upepo rimu inakaribia kugusa jiwe. Na kwenye mashimo ya Kibiti kwenda Mloka, yale yenye kingo kali za changarawe, ukuta mfupi ndo unapasuka kwanza.

Alafu kuna kupata tairi nyingine. Mtu ukipasukiwa Mloka saa kumi jioni hutafuti tairi nzuri, unatafuta tairi. 17 utapata, labda sio saizi ileile kabisa lakini itakufikisha Kibiti. 20 hupati. 285/70 ya Raptor sahau.

Na hapo ndo Hilux ilinisumbua sana, sitaki niseme ilishindwa, maana haikushindwa. Hilux ya rimu ya 17 inavaa 265/65, saizi ya Prado, saizi ambayo nusu ya gari za safari nchi hii zinavaa, huwezi kuikosa. Spea Gerezani zimejaa, za ukweli na za kopi, kila fundi kuanzia Kimanzichana mpaka Ifakara ameshaifungua. Na kwenyewe mtego wa matoleo upo. Hilux ya 2.8 ya oto ina Nm 500, ya manyuo ni 420, injini ileile. Ya 2.4 ni 400. GR Sport wameipandisha 2.8 ikafika kilowati 165 na Nm 550 na shokapu zake ni nzuri zaidi, na tofauti na Raptor hawa walibakiza springi bapa nyuma, kwahiyo bado ni gari ya kubeba. Mtu akiniambia kaka nachukua GR Sport kwa ajili ya tela nitampongeza. Kilichoniondoa kwenye Hilux ni kwamba kwenye bajeti yetu ilikua inaingia 2.4 tu, na kwenye maji inaruhusiwa milimita 700, na mi nimeshakaa upande huu wa korongo Saadani saa nne nzima nasubiri maji yapungue wakati gari ya juu zaidi imepita. Sentimita kumi ukiwa umesimama ukingoni na watoto wana njaa ni nyingi.

Land Cruiser 79 niliitaja nyumbani mara moja. Mama watoto aliwahi kusafiri na ile ya kazini kwao Dodoma kwenda Manyoni, akasema kila la heri kwako na huyo utakayepanda naye. Ikaisha.

Tukachukua XLT, turbo mbili, fowili, difu loki nyuma, nyeupe. Imetumika, ina kilomita elfu thelathini na kitu, kutoka kwa mtu aliyeitunza. Pesa iliyobaki kati yake na Wildtrak hatukuila, tulishaiwekea kazi kabla. Kwanza ni breki za tela. Tumeweka zile zinazojishika zenyewe, ukikanyaga breki kwenye gari tela linasukuma shingo lake mbele, shingo linarudi ndani, linavuta waya, waya unakaza breki za tela. Hakuna umeme, hakuna kompyuta, fundi yeyote anaielewa. Ekseli yenye ngoma za breki tulipata ya mtumba, ikachukua wiki mbili kukaa sawa kwa sababu waya mmoja ulikua unakaza kuliko mwenzake na tela likawa linavuta kushoto. Tulijaribu kwenye barabara ya vumbi Bunju, spidi arobaini, kanyaga, angalia alama za tairi kwenye vumbi, rudi kaza nati nusu mzunguko, jaribu tena, mpaka alama mbili zikawa zinaanza pamoja.

Alafu tairi za AT (za lami na porini) sita, nne za gari na mbili za tela, na kwa makusudi tela tumelifungia rimu zilezile za gari, tundu sita, ili akiba zote ziingie kokote. Hilo nalisema kwa herufi kubwa kwa anayetengeneza tela sasa hivi, mwambie fundi mapema afunge habu za tundu sawa na gari yako. Ukishachomelea ni gharama.

Safari ya kwanza tulienda Mang'ula, Udzungwa, sio mbali sana, ili kama kuna tatizo tulione mapema. Kupita Mikumi ndani ya hifadhi na matuta yale, kila tuta nilikua nasikiliza ule mgongano wa zamani, ga, na haukuja. Ilikua inakuja sauti ndogo tu ya shingo kuteleza ndani, kama droo ya kabati ikifungwa. Mtoto wa kati, yuleyule wa Kitonga, akaniambia baba tela limenyamaza.

Ila baada ya Chalinze, 85, basi likatupita, likacheza. Kidogo, na gari yenyewe ina mfumo wa kulituliza tela, nikasikia inashika breki yenyewe kwa sekunde ikakaa. Lakini lilicheza. Kwa sababu tangi la maji bado lipo nyuma ya ekseli, tulikua na haraka ya kusafiri tukasema tutalihamisha tukirudi. Gari ya aina yoyote, toleo lolote, haiwezi kukurekebishia tela lililopakiwa vibaya, inaweza tu kukupa muda wa kupunguza mwendo.

Kwahiyo kesho saa mbili asubuhi tela linaenda kwa fundi, tangi linakuja mbele ya ekseli na tairi la akiba linahamia kwenye shingo. Nishakata kipande cha mbao kipya cha kuweka juu ya mzani wa bafuni, na mzani wenyewe nimeuweka kwenye gari leo jioni kabla mama watoto hajaurudisha bafuni. Ikifika 125 mpaka 135 tunaondoka Ijumaa, Saadani, kwa njia ya Mandera na Miono maana ile nyingine wanasema bado ina tope.